Nilimpima Mmoja, Nikawashonea Wawili

Kabange binti yangu,

Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku kwa kamba, ya kuficha pasipoti ndani ya nguo, mama yako amekwisha kukuambia, tena zaidi ya mara moja, na kila mara kwa sauti ya juu kuliko ile ya kwanza. Mimi sitarudia. Sina hata uhakika kama utayahitaji, kwa sababu ninapoanza kuandika barua hii sijui kama kesho utapanda bato la kuvuka ziwa.

Uko nyuma ya pazia hili, umelala au unajifanya umelala. Mama yako ameketi mlangoni na sahani ya pemba mapajani, ule udongo mweupe ambao bibi yako aliuleta siku mlipozaliwa na ambao tumeutunza katika mfuko wa nailoni miaka yote hii. Amesema mbele ya majirani, na akishasema mbele ya majirani harudi nyuma tena: pacha haendi safari ndefu kabla mwenzake hajampaka pemba kwa mkono wake mwenyewe. Na mwenzako Kyungu, aliyetangulia kutoka tumboni, yuko katika mji huu huu wa Kalemie, kwa wifi yake kule Katondo, tangu juzi aliposhuka na lori la mahindi kutoka Bendera. Hajakanyaga nyumba hii. Bato la Kigoma linaondoka asubuhi, na umeniambia mwenyewe kwamba huko Chile unakokwenda kupima nyota, zamu ya darubini haimsubiri mtu. Ukikosa, wanaweka mwingine.

Usiku huu sina nguo ya mteja mezani. Ndiyo sababu ninaandika. Mikono ya fundi ikikosa kazi inatafuta kitu cha kufumua.

Ulikuwepo mama yako alipompigia dada yako jana, akaweka simu kwa sauti kubwa ili sote tusikie. Alimwomba kwa upole, kwa kadiri mama yako anavyojua upole. Kyungu alisema maneno ambayo bado yananiuma:

"Mara ya kwanza niliolewa ili aende. Sasa munataka nikufe ili aende tena? Mama, mimi si kufuli ya mulango wenu."

Akakata. Wewe ulitoka nje ukaenda kusimama kwenye kamba ya nguo, ukishika nguo ambazo hazikuwa zimekauka. Sikukufuata. Nilijua kufuli hiyo aliitia nani mlangoni.

Unazijua hadithi za kuzaliwa kwenu kwa vile mama yako anavyozisimulia. Ngoja nikusimulie kwa vile mimi nilivyokuwa ndani yake. Wanawake wa mtaa walikuja wakiimba zile nyimbo za mapacha ambazo baba hawezi kumwandikia binti yake, wakanitukana vizuri sana, wakaniita Shamapasa, baba wa mapacha, na mimi nikavimba kichwa. Nilikuwa kijana, na cherehani yangu ilikuwa bado ya kukodi. Wazee wakanikalisha, wakaniambia sheria yenyewe: ukimsalimu mmoja, msalimu na mwingine, ukimpa mmoja, mpe na mwingine, kwa wakati huo huo, kwa mikono miwili. Ukimpunguzia mmoja atakasirika, na pacha akikasirika anarudi alikotoka. Nilikuwa nimekwisha kuwapenda hata kabla ya kuwajua nani ni nani. Niliogopa sana. Mtu asikudanganye kwamba baba haogopi.

Basi nikaishika sheria ile kuliko wazee walionipa. Mlikula kwa sahani mbili zinazofanana. Mmoja akiumwa kichwa, nilimpa dawa na mwingine. Ukicheka cheka, lakini uliwahi kumeza dawa ya minyoo ambayo haikuwa yako. Na nguo! Fundi mwenye mapacha, watu waliniletea vipande vya kitenge ili tu waone nitashona nini. Nilishona magauni mawili kila sikukuu, rangi moja, mshono mmoja, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole: kipimo kimoja.

Sikuwahi kuwapima wawili. Kyungu alikuwa hashikiki, kila nikichukua meta, huu utepe wangu wa kupimia unaouona shingoni mwangu siku zote, yeye alikuwa amekwisha kuruka ukuta wa jirani. Wewe ulisimama. Nilikupima wewe, nikaongeza kidogo kwa ajili yake, nikakata mara mbili. Nilijua mwenzako ana mabega mapana. Nilijua kwa macho. Lakini kukata nguo mbili tofauti kulionekana kwangu kama kumpunguzia mmoja. Matokeo yake uliogelea ndani ya kila gauni nililokushonea, na yeye alibanwa. Siku ya komunyo ya kwanza gauni lake lilipasuka kwapani mbele ya padri, alipoinua mikono, na kanisa zima likasikia. Wewe uliinua mikono yako juu zaidi ili watu wakutazame wewe. Nilikuona. Nilijivunia jambo hilo miaka mingi, bila kujiuliza kwa nini mtoto wangu alilazimika kulifanya.

Fundi mwenzangu aliniambia siku hiyo, akila chakula changu: "Shamapasa, weye njo fundi, na watoto wako njo wanavaa vibaya kupita watoto wote wa kartie." Fundi, na watoto wake ndio wanaovaa vibaya kuliko mtaa mzima: nilimjibu kwa matusi. Hata hivyo alikuwa na haki.

Kama ingekuwa gauni tu, nisingekosa usingizi. Lakini mtihani wa Leta ulikuja, ule wa kumaliza sekondari. Wewe ukapita, yeye akaanguka. Ulikuwa na nafasi Lubumbashi, kusoma fizikia, na mwalimu wako alikuja hapa mwenyewe kuniomba, akakaa kwenye kiti hiki. Nikamwambia: wataenda pamoja au watabaki pamoja. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye busara. Ukabaki mwaka mzima ukichomoa pini kwenye nguo za wateja, na dada yako akasoma mwaka mzima akijua kwamba kila ukurasa asiouelewa unakuzuia wewe. Mlikuwa mnalala mkeka mmoja, na usiku nilikuwa ninawasikia hamzungumzi. Mwisho wa mwaka hakwenda kwenye mtihani. Alikwenda Bendera na yule kijana wa kituo cha umeme, akarudi na wazee wa kijana, akanitazama usoni: "Papa, mimi nimeolewa. Sasa usimungojeshe tena."

Nilipokea mahari. Nilisema msichana amepata bahati, mume mwenye mshahara. Tena nilifanya utani; umeme ukikatika hadi leo ninasema mkwe wangu amelalia swichi, na watu wanacheka. Mume wake ni mtu mwema, hilo ninamshukuru Mungu. Lakini mimi sikumuuliza Kyungu kama alitaka kuolewa. Nilikuuliza wewe kama umefurahi kwenda Lubumbashi, ukasema ndiyo, na nikadhani nimekwisha kuwauliza wote wawili.

Sasa nikukumbushe likizo ile uliporudi na habari za nyota zako. Nilikuwa nimekusumbua: mtoto anasoma miaka yote hii, anakwenda kupima nini? Nyota ni za kupimwa? Ulinipeleka nyuma ya nyumba, kule juu ambako ziwa linaonekana lote. Mwezi haukuwapo, na wavuvi wa ndagala, wale dagaa wetu, walikuwa wametoka na taa zao. Ukanionyesha taa moja mbali sana, upande wa Zongwe.

"Papa, zile ni taa ngapi?"

"Moja. Macho yangu bado mazuri."

Ukabeba mbabula ya mama yako, lile jiko la mkaa, makala yamewaka mekundu, ukaiweka mbele yangu ukaniambia nitazame taa ile juu ya moto. Ikacheza. Ikakatika vipande, ikaungana, ikayumba kama mlevi. Ukasema hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu inafanya vivyo hivyo usiku kucha, na sisi tunasema nyota zinametameta, tunazisifia. "Kwa sisi wenye kupima, ile njo adui." Ukipiga picha ya muda mrefu, ukasema, unapata ukungu tu. Kwa hiyo mnapiga picha fupi, maelfu, kila moja fupi kuliko kufumba jicho, ili hewa isipate nafasi ya kuichafua. Kila picha peke yake ni mbaya. Lakini mkizifanyia hesabu zote pamoja, nyota iliyokuwa moja inaonekana kumbe ni mbili, zimekaribiana, zinazungukana.

Tulikuwa bado tunazungumza wakati mitumbwi miwili kule mbali ilipoachana kidogo, na taa yangu moja ikawa taa mbili. Nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani akabweka. Wewe ulicheka kwa namna ambayo sikuwa nimekusikia tangu utoto.

Nikakuuliza mnapima nini hasa, maana hilo ndilo swali langu mimi. Ukasema nafasi iliyo kati ya nyota hizo mbili, na upande ambao ile ndogo imeelekea. Basi? Basi. Halafu mwaka unaofuata unarudi na kupima tena. Nikasema hiyo ni kazi ya mtu asiye na haraka ya mteja. Ukaniambia, na nilikuwa nimeshika meta yangu wakati ule, "Kipimo kimoja ni nukta tu, Papa. Nukta moja haina njia. Lazima urudi, tena na tena, uone zimefika wapi." Kuna jozi zinazochukua muda mrefu kuliko maisha ya mtu kumaliza mzunguko, mnapokea vipimo vya watu waliokufa, mnaongeza vyenu, mnawaachia watakaokuja. Na zawadi ya kazi yote hiyo, ukasema, ni kujua uzito. Nyota iliyo peke yake haipimiki uzito kwa urahisi. Zikiwa mbili, zinavutana, na jinsi zinavyovutana ndiyo mizani yenyewe.

Mimi nikaona nafasi ya kutoa hekima. Nikakohoa. Nikaanza, "Kwa hiyo kama wewe na Kyungu..."

"Papa, tafazali. Usianze mahubiri. Nyota haina dada." Halafu ukaongeza, ukipuliza makala: "Tena hazilingani. Moja nzito, moja nyepesi. Nyepesi inazunguka mbali, nzito inazunguka karibu karibu. Ila hakuna yenye inasimama."

Ukarudisha mbabula jikoni. Mimi nilibaki nje, mwanangu, na niseme ukweli, nilijisikia vibaya. Nilikuwa nimedhani siku zote kwamba Kyungu amesimama. Wewe unakwenda, Lubumbashi, sasa Chile, na yeye yuko Bendera, amewekwa pale kama jiwe la kuzuia mlango, tukimhitaji tunamwita. Sikuwahi kurudi kumpima. Nilimpima siku aliyoanguka mtihani, nikaandika kichwani mwangu "huyu ameanguka", na hiyo nukta nikaiita maisha yake. Sijui analima nini huko. Sijui anacheka na nani.

Nimeacha kuandika kwa muda. Nimekwenda mlangoni.

Nimemwambia mama yako kwamba kesho utapanda bato, Kyungu akija, Kyungu asipokuja. Ameinuka, sahani mkononi. "Shamapasa, unavunja mila ya watu wetu? Akifia huko?"

"Akifia huko nitalia. Akibaki hapa juu ya woga wetu, nitalia pia, tena kila siku nikimuona."

"Na mwenzake akikasirika?"

"Mwenzake amekasirika zamani, Mama Mapasa. Amekasirika juu yetu. Si juu ya Kabange."

Ameketi tena, amenigeuzia mgongo. Mimi na mama yako tumegombana kwa sauti maisha yetu yote, na sijawahi kuogopa kelele zake kama ninavyoogopa ukimya huu. Sijui kama nimefanya sawa. Wazee walionipa sheria hiyo walikuwa watu wema, na sikuwaona wao wakimfunga mtoto yeyote. Walisema tuwape sawa. Mimi ndiye niliyesikia kwamba niwafanye mmoja.

Kisha nikampigia dada yako. Aliacha simu ilie sana.

"Kyungu, usikate. Sikuiti. Kabange atapanda kesho, ukuje, usikuje. Siku zote nilikuwa nakutafuta kama muntu anatafuta ufunguo. Ile nimeacha. Nilikosa juu yako, na nilikosa sana."

Nilisikia anapumua. Kuku walikuwa wanalia mahali alipokuwa, sijui kwa nini kuku hawakulala.

"Papa, umekunywa?"

"Hata maji."

Akakata. Sasa ninangoja, na sijui ninangoja nini, kwa sababu nimekwisha kumwambia kwamba simwiti.

Kitu kingine lazima nikiseme kabla woga haujanirudia. Koti lako lile zito, la baridi ya mlimani, liko tayari. Mteja mmoja aliniletea makoti mawili makuukuu ya sufu kutoka kwenye marobota ya mitumba, nikayafumua yote, nikakata lako upya. Nimekupima mara mbili, ulidhani ninasahau. Na nimeshona moja. Mama yako aliponiuliza la pili liko wapi nilidanganya, nikasema kitambaa kimekwisha. Kitambaa kipo. Kiko chini ya meza, kinatosha. Mkono wangu ulikwenda kukichukua, mkasi tayari, mazoea ya miaka yote, nikauzuia. Ni mara ya kwanza tangu mzaliwe. Kama Kyungu akija akaliona koti moja, atasema nimemnyima tena. Kama nikimshonea kwa kipimo chako, atabanwa tena mabegani, mbele ya watu. Nimekaa kati ya hayo mawili na sijapata njia.

Kuna pikipiki barabarani. Imepita.

Nyingine. Imesimama.

Kabange, dada yako amekuja. Nimerudi mezani sasa, wote wamelala. Nitakuandikia ilivyokuwa, kwa sababu wewe hukutoka nyuma ya pazia, yeye hatakusimulia, na mama yako atasimulia vingine.

Aliingia akamsalimu mama yako kwanza, kwa magoti, kama inavyopaswa. Kisha akasimama katikati ya nyumba, kitenge kimefungwa kifuani, vumbi la Katondo miguuni.

"Nimekuja juu nimependa mwenyewe. Hakuna mwenye aliniita. Mumesikia?"

"Tumesikia," mama yako akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Akanyoosha sahani ya pemba. Kyungu akaichukua, akaitazama, akaiweka juu ya kabati.

"Kesho. Nitamupaka mwenyewe, kule ku bato. Nikipenda."

Halafu akaliona koti. Limening'inia juu ya mashine, unajua jinsi nyumba yetu isivyo na mahali pa kuficha kitu. Alilizunguka. Alilishika mkono. Macho yake yakaanza kutafuta la pili, mlangoni, kitandani, chini ya meza.

"Na yangu?"

"Sikushona yako," nikasema.

Mama yako alitaja jina la Bikira Maria. Kyungu alilitoa koti kwenye msumari, akaingiza mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia, na hapo hapo likakwama. Mabega yakakataa. Akavuta. Vifungo havikufikia matundu yake hata kidogo. Akabaki amesimama pale, mikono imetanuka kama kuku wa kuuzwa, ananitazama, na nilidhani atalia.

"Papa," akasema, "hii njo ingepasuka tena mbele ya padri."

Akacheka. Kabange, alicheka mpaka akaketi chini na koti lako limemshika mabega, na mama yako akacheka, na mimi nililia, sitasema nilikuwa na vumbi jichoni. Tulimvua pamoja, mimi mkono huu, mama yako mkono ule. Kisha nikatoa meta shingoni. Akauliza, "Unanipima ya nini? Mimi siendi mahali." Nikamwambia sina nguo ya kumshonea usiku huu, ninataka kujua tu. Akasimama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisimama, mikono chini, nikampima mabega, kifua, urefu wa mkono. Mabega yake yanazidi yako kwa vidole viwili vizima. Nilipomuuliza anataka nimshonee nini, alisema hajui bado, hajawahi kuulizwa, ataniambia atakaporudi Bendera.

Amelala karibu nawe sasa. Ukiamka utamkuta, na utajua kabla ya kusoma haya. Usimwamshe mapema, amechoka.

Koti lako nimelirudisha msumarini. Halikumtosha, mwanangu. Nimeshona nguo maisha yangu yote, na sijawahi kufurahi hivi kwa nguo kukataa kuingia.

Baba yako, fundi